Mlolongo wa Watani

Gari lilikuwa limeshauacha uwanja wa ndege wa Luano nyuma na kuingia barabara ya mjini pale mgeni alipouliza kwa nini vumbi la huku limepanda hadi kwenye majani ya juu kabisa ya miti. Rigobert Chomba, aliyekaa mbele karibu na dereva, aligeuka nusu.

"Ni wakati ya baridi, mama. Mvua ikikuya, miti itanawa yenyewe."

Mgeni alicheka, akajifunga mtandio vizuri shingoni. Hakutarajia baridi. Aliitwa Chadia Alimasi, mkalimani. Alizaliwa Tanga kwa mama mwenye asili ya Kasongo, akasoma mji mmoja, akaolewa mwingine, akaachika mwingine, na sasa nyumba yake ilikuwa begi. Mji huu ndio kwanza auone. Alikuja pamoja na wataalamu wa Jumuiya. Wao walipelekwa hotelini, na Chomba aliomba mwenyewe kwamba mkalimani alale kwake, kwa kuwa chumba kilikuwa tupu tangu mkewe afariki.

"Kwa hiyo wewe ndiye mgombea," Chadia alisema.

"Leo niko bado shefu. Mgombea ni siku ya posho," alijibu Chomba, akimaanisha Jumamosi. Kisha akatazama barabara ili mgeni asione jinsi neno hilo lilivyompendeza.

Mwaka ule nchi ilikuwa ikibisha hodi kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wageni walikuja kukagua mlango kabla ya kuufungua: forodha, mahakama, sheria za biashara, namna wananchi wanavyowapata viongozi wao. Katika jambo hilo la mwisho komine, yaani manispaa, haikuwa na kitu cha kuonyesha. Viongozi wa mitaa walikuwa wakiwekwa, hawachaguliwi. Ndipo mtu mmoja ofisini akasema kwamba mageuzi yanaweza kuanza hata na mtaa mmoja, mradi wageni wauone. Uchaguzi wa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, hadharani, mchana kweupe. Mtaa uliochaguliwa ulikuwa wa Chomba, kwa sababu hakukuwa na ugomvi wowote huko.

Na kwa nini hakukuwa na ugomvi? Watu wote wa mtaa wangekujibu kwamba ni kwa sababu ya Chomba. Baba yake alikuja kutoka upande wa ziwa Mweru kufanya kazi ya reli. Mwanawe hakupenda reli. Alijifunza kutengeneza cherehani, akaweka meza yake barazani, na kwa kuwa baraza ilitazama njia, kila mtu alipitia hapo. Aliyepita na jambo alilisema. Maji ya kufulia yameingia ua wa jirani, ukuta umesogezwa usiku, binti amerudi kwao na vyungu vyake. Chomba alisikiliza huku akitia mafuta kwenye cherehani, na alipomaliza kutia mafuta mara nyingi ugomvi ulikuwa umemaliza pumzi. Komine ikamwona, ikampa cheo. Alisimamia salongo, usafi wa Jumamosi ambao kila nyumba hutoa mtu na jembe. Alishuhudia nyumba zikiuzwa. Alipanga viti kwenye kilio.

Lakini aliwekwa. Jambo hili lilimkera kimyakimya, kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Watu walimtii, sawa. Hata hivyo wangemtii yeyote aliyeletwa na karatasi ya komine. Alitaka, mara moja tu kabla hajazeeka kabisa, watu hawa wasimame na kusema kwa miguu yao kwamba wanamtaka. Habari ya uchaguzi ilipofika, yeye peke yake ndiye ambaye hakunung'unika.

Shida ilikuwa moja. Kanuni ilidai wagombea wawili, na hakuna aliyetaka kusimama dhidi yake. Chomba akazunguka mwenyewe kumtafuta mpinzani. Mwishowe alimwendea Mama Brigitte, muuza makala, ndiyo makaa ya kupikia, wa kona ya pili, mjane mwenye sauti kubwa na mikono isiyotakata tena.

"Mama Brigitte, nisaidie. Simama na mimi."

"Nisimame wapi, Papa Chomba? Niko na wateja."

"Ku uchaguzi. Ni kusimama tu. Bantu batakuwa ku mustari yangu, tunamaliza, unarudia ku makala yako."

Brigitte alifuta mikono kwenye kitenge, akafikiri kidogo kuliko Chomba alivyotegemea. "Bon. Nitasimama. Lakini nikisimama, ninasimama, hein?"

"Njo vile," alisema Chomba.

Sasa lazima lisemwe jambo la watani, maana bila hilo Jumamosi ile haieleweki. Chomba alikuwa wa ukoo wa Samaki. Karibu nusu ya mtaa, watu waliovutana ndugu kwa ndugu kutoka upande uleule wa ziwa, walikuwa wa ukoo wa Mamba. Na mamba na samaki, huko kwao, ni watani tangu wazee wa wazee. Mtani hukutukana asubuhi badala ya kukusalimu. Hukuchukulia kofia, nawe huruhusiwi kununa. Ukifa, ndiye anayekuosha na kukuzika. Mkewe Chomba, Syntiche, alipofariki, watani walivaa nguo zake, wakaigiza namna alivyokuwa akimgombeza mume wake, wakagoma kutoa jeneza mpaka wapewe munkoyo, kinywaji cha mahindi. Na Chomba, aliyekuwa hajala wala kusema tangu juzi yake, alicheka hadi akalia vizuri.

Mkuu wa watani hao alikuwa Gauthier, fundi wa kuchomelea vyuma. Hakupita barazani hata siku moja bila neno.

"Weye samaki, unaoza hapo. Bainzi banakuya."

"Ni mudomo yako banafuata, mamba. Ulikula nini jana?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Chadia aliisikia asubuhi ya kwanza akiwa anakunywa chai, na hakuulizia maana. Kwao Tanga pia kulikuwa na watani.

Jumamosi ilifika na baridi yake. Wataalamu waliketishwa chini ya turubai. Karani wa komine, bwana mmoja aitwaye Faustin, alieleza utaratibu kwa sauti ya kanisani. Wagombea watasimama mbele, wakiwatazama wageni. Wapiga kura watajipanga nyuma yao. Kipenga cha kwanza, watu wanajipanga. Kipenga cha pili, hakuna anayehama, hakuna anayefungua mdomo, tunahesabu.

Chadia alitafsiri. Alijua nchi ambazo kura za mlolongo ziliacha majeraha, lakini kazi yake ilikuwa kutafsiri.

Chomba alisimama amevaa koti lililopigwa pasi. Kushoto kwake Brigitte alisimama na kitenge kipya, mikono nyuma. Kipenga kikalia. Chomba akasikia miguu mingi nyuma yake, na kicheko kinachobanwa, na mtu akipiga chafya kwa kicheko hicho. Alikijua kicheko cha Gauthier hata gizani. Kifua kikamjaa. Wako kwangu, alifikiri, na bado wanachezacheza. Kipenga cha pili kikalia na kila kitu kikanyamaza.

Faustin akawaambia wagombea wageuke.

Mstari wa Brigitte ulikuwa umepinda kona ukaishia kwenye bomba la maji. Mamba wote walikuwemo, Gauthier wa kwanza, mikono kifuani, uso umetakata kama wa mtoto aliyeficha sukari. Nyuma ya Chomba walisimama wapangaji wapya wawili, mzee mmoja asiyesikia, na mama wa kanisani ambaye hakupenda mzaha wa aina yoyote. Wengine wasio Mamba, walipoona mstari mmoja unavyonenepa, waliufuata kama watu wanavyofuata ngoma.

Mamba walikuwa wamepanga hivi: wajipange kwa Brigitte, Chomba ageuke, aone hana mtu, awatukane ipasavyo, nao wakimbilie kwake wakicheka. Hakuna aliyewaza kipenga. Miaka yote utani wao ulikuwa na zamu mbili, tusi na jibu, na leo serikali ilikuwa imeikata zamu ya pili.

Gauthier alimngoja Chomba aseme. Chomba alifungua mdomo, akamwona Faustin amenyanyua kidole, akaufunga.

Wakahesabu. Haikuchukua muda.

"Kuna mwenye pingamizi?" Faustin aliuliza.

"Shefu," Gauthier alimwambia karani, na sasa uso wake ulikuwa umebadilika, "siye tulikuwa tunacheka tu."

"Munacheka na nini? Mbele ya bageni?" Faustin akamgeukia Chomba. "Papa Chomba, uko na pingamizi? Ukisema iko, tutaandika, tutaanza tena."

Mtaa mzima ukamtazama. Neno moja lingetosha. Lakini mtu wa Samaki hawezi kumshtaki mtani wake kwa serikali. Akifanya hivyo amekata kamba ya utani, na hajaikata kwa ajili yake tu, ameikatia na wajukuu. Nani angemzika? Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema kwa mtu mpaka jioni. Kuanza tena kungempa mstari mrefu, ndiyo. Ungekuwa mstari wa kumfuta machozi.

"Hapana pingamizi," alisema.

Wataalamu wakapiga makofi. Mkubwa wao akasimama na kusema maneno mazuri kuhusu kiongozi anayekabidhi madaraka kwa amani, tena kwa mwanamke, na kwamba mfano huu ungesikika mbali. Chadia alimtazama Gauthier, akaangalia mstari, akaelewa kila kitu. Kisha akatafsiri hotuba ile neno kwa neno, kama alivyolipwa kufanya.

Jioni walikula bukari, ugali wa huku, kwa mboga ya lengalenga. Chadia alinawa, akamega tonge, akaliweka tena.

"Ungesema ni utani, baba, wangerudia."

"Nani angerudia? Bale bantu bangekuya juu ya kusikia haya."

"Wanakupenda."

"Minajua." Alichovya tonge lake. "Mi nilikuwa ninataka kuona. Kupendwa, nilikuwa minajua zamani."

Mtu angedhani mambo yangeishia hapo, wangecheka, wangezoea. Brigitte ndiye aliyefanya yasiishe. Alikuwa amesema akisimama, anasimama. Jumatatu alikuwa na ubao wa shefu mlangoni kwake, Jumamosi iliyofuata aliita salongo na sauti yake ilifika hata kwa wale waliojifanya kulala. Mfereji ambao Chomba aliusemea miaka mingi ulizibuliwa. Lakini wakiwa na ugomvi watu walipita mbele ya ubao wa Brigitte, wakaupungia mkono, wakaenda barazani kwa Chomba. Alipowaambia waende kwa shefu wao walicheka, wakidhani sasa ni zamu yake ya utani. Alipofunga mlango waligonga dirisha. Alipoacha kutia mafuta cherehani na kukaa chumbani, walimsemesha kupitia ukutani.

Gauthier alikuja na kuku, akiwa hana tusi hata moja. Hilo lilimuumiza Chomba kuliko uchaguzi.

"Nitukane kidogo," alimwomba.

"Siku ingine," Gauthier alisema, akaweka kuku chini.

Kisha siku moja Brigitte mwenyewe alikuja, akaketi kwenye ngazi, akaiweka mikono yake myeusi magotini.

"Papa Chomba, sikuya kugombana."

"Minajua, mama."

"Weye uliniita. Uliniambia ni kusimama tu. Mi nikasimama, bantu bakanichagua. Sasa beko banasema ilikuwa mchezo. Ikiwa ni mchezo, basi hata mi niko mchezo. Kila asubuhi minaamka niko mchezo. Ukiwa unakaa ku hii mulango, mi ni muuza makala tu. Sikusukumi. Minakuambia vile iko."

Chomba alitazama njia. Wanawake wawili walikuwa wakija wakigombana, na macho yao yalikuwa kwenye baraza yake.

"Niko na dada ku Kilwa, kule ku ziwa Mweru," alisema. "Ngalula. Anakausha samaki. Amekuwa ananiita toka kilio ya Syntiche."

"Barabara ya kule ni mubaya."

"Ni mubaya sana," Chomba alikubali.

Wataalamu walikuwa wameondoka zamani, ila Chadia aliombwa aendelee: kungekuwa na chaguzi nyingine za mfano katika mitaa mingine, na alikuwa amekwisha kuwazoea watu. Angebaki katika nyumba ya Chomba hata mwenyewe akiondoka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa mahali muda mrefu kuliko mtu wa pale.

Lori la kwenda ziwani lilisimama mbele ya nyumba asubuhi, limejaa magunia ya chumvi na mabati. Watani walikuja wote kupakia. Walipandisha sanduku, godoro, cherehani mbili. Gauthier aliketi kwenye kiti cha Chomba katikati ya njia na kukataa kuinuka.

"Hii kiti inabakia. Kule bantu banakaa ku mayi, hawana viti."

"Chukua, mamba. Mukia yako itapita wapi?"

Watu walicheka, na kicheko kilirudi kidogo mahali pake. Brigitte hakuwepo. Chomba aliangalia mara moja upande wa kona ya pili, akapanda karibu na dereva.

Hapo ndipo Dorine, mama wa nyumba ya bomba, alipotokea akikimbia, sketi imelowa maji machafu hadi magotini, na nyuma yake jirani yake akijitetea kwa sauti. Walifika sawa na dirisha la lori. Dorine akainua uso, akanyoosha mkono kuonyesha sketi.

"Papa Chomba, ona vile huyu..."

Chomba alikuwa akitazama mbele, mahali ambapo dereva alikuwa akitafuta gia. Dorine alingoja. Kisha akamgeukia jirani yake, akasema, "Bon, twende," na wote wawili wakapita mbele ya lori, wakashika njia ya kona ya pili, wakizidi kupaza sauti kadiri walivyokaribia ubao.

Lori likaondoka. Chadia alisimama getini mpaka vumbi lilipotulia. Halafu naye, pamoja na nusu ya watani, akafuata kule ugomvi ulikoelekea, kwenda kusikiliza.