Sombe Aliyoikataa Mwakilishi Wetu

Kwetu Uvira, huko Kongo, mtu akikataa chakula chako hakuna haja ya kumuuliza sababu. Ana neno na wewe. Ama anakuogopa, ama amekusema vibaya mahali na moyo wake unamsuta. Ndivyo nilivyolelewa, na mawazo hayo niliyabeba mpaka Louisville, Marekani, mpaka ndani ya jengo la posta ambako nilikuwa nasukuma makontena ya vifurushi, katikati ya muongo uliopita.

Kwa hiyo fikiria nilivyojisikia siku mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi alipokisogeza kwa kidole kimoja chombo changu cha sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akasema, "Hapana, beibi. Siwezi."

Beibi alimwita kila mtu, hata msimamizi. Alikuwa mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mji huo huo, mwenye goti moja bovu na kicheko kinachosikika mpaka milangoni wanakopakulia malori. Sombe ile nilikuwa nimeipika asubuhi nyumbani Beechmont, kwa mawese na ndagala, dagaa wa kwetu, wa duka la Kiafrika, nikaipakata ndani ya basi huku abiria wakigeuza shingo kutafuta harufu inatoka wapi. Sikuipika kwa mchezo. Mtu anakwenda kukupigania, wewe unamwendea mikono mitupu? Kwetu huo ni utovu wa adabu.

Na alikuwa ananipigania kweli, au ndivyo alivyosema. Msimamizi alikuwa ameniamuru nivute kontena lililovunjika gurudumu. Nilikataa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikukataa kwa upole. Akaniandikia onyo la kukaidi amri. Onyo lenyewe lisingeninyima usingizi. Watu wanaishi na maonyo kama wanavyoishi na mafua. Lakini nilikuwa nimeomba kuhamia posta ya Buffalo, na mwenye onyo kwenye faili hapokelewi popote. Buffalo ndiko alikokuwa mama yangu, kwa dada yangu. Mama alikuwa na sukari, na sukari ilikuwa inamla macho.

Mara ya mwisho tulikuwa tumeonana Columbus. Ni mji ulio kati yetu, na binamu yetu anakaa huko, basi siku zangu za mapumziko zikiwa fupi dada alimleta mama kwa gari na mimi nikapanda basi, tukakutana sebuleni kwa watu kama wafanyabiashara wanaokutana mpakani. Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Alinigeuza kuelekea dirishani, akanitazama kwa muda mrefu, akaniita mama, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

"Mama, ukuye mbio," alisema. "Sura yako ningali naiona, lakini macho iko inaisha."

Nilimwahidi kwamba nitakuja.

Mbele yangu sasa kulikuwa na njia mbili. Msimamizi aliniita ofisini akaniambia kwa sauti tamu kwamba nikikubali kosa na kutia sahihi, yeye mwenyewe atazungumza na Buffalo, nitakuwa nimeondoka kabla baridi haijaanza. Mwakilishi akasema nisithubutu. Nikitia sahihi, kosa litakuwa langu milele, na neno la msimamizi halijaandikwa popote. Yeye atapeleka malalamiko, ngazi kwa ngazi, mpaka onyo lifutwe. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema hajui.

Hajui! Macho ya mama yangu yanazimika na huyu hajui.

Kisha akaja kukataa sombe yangu. Na mchana ule ule nikamwona kupitia kioo cha ofisi, ameketi na msimamizi, kila mmoja na kahawa yake, wanacheka.

Mwenzangu mmoja, Mkongo wa Bukavu tuliyekuwa tunasukuma naye makontena, alikuwa amesimama kando yangu. "Donc, dada, umeona?" alisema. "Na chef anakunywa, ya kwako anakataa. Bon. Njo syndicat ya kwetu ile ile."

Hakuwa na haja ya kunieleza vyama vya wafanyakazi vya kwetu vilivyokuwa. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa posta pia, huko nyumbani, anagonga mihuri kwenye barua wakati mishahara ilipokuwa haiji. Wafanyakazi walimchagua mwenzao mmoja awe delegue, aende kwa mkurugenzi kuwasemea. Aliingia amekunja uso, akatoka anafuta mdomo. Baba alilisimulia jambo hilo mpaka anakufa, na kila mara aliishia kwenye ule mdomo unaofutwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa naona unyasi kila mahali.

Nilikwenda kumtafuta mwakilishi nimejaa maneno. Nilimkuta huko nyuma, chini sakafuni, kwenye vumbi, amelala ubavu kando ya lile kontena bovu ambalo walikuwa wamelisukumia ukutani. Alikuwa analipiga picha gurudumu kwa simu yake. Goti lake lilikuwa limekataa kumrudisha juu. Aliponiona alicheka, akaninyooshea mkono, nikamvuta, akainuka akiwa na grisi mpaka shavuni.

Delegue wa baba hakuwahi kuinama kwa ajili ya mtu. Nikarudi kwenye kazi yangu, na ile karatasi ya msimamizi sikutia sahihi.

Nisijisifu, sikumwamini kwa moyo wote. Nilimwamini nusu, na ile nusu nyingine ililia kila Jumapili nilipompigia mama simu. Baridi ilikuja ikaondoka. Kwanza mama alisema haoni tena uzi wa kushonea. Baadaye akasema wajukuu anawatofautisha kwa mlio wa nyayo zao. Kila nilipomuuliza mwakilishi, alinijibu, "Bado, beibi," na kuna siku nilimjibu kwa Kiswahili neno ambalo sitaliandika hapa. Alicheka. Sijui alielewa nini.

Miti ya mtaani kwetu ilikuwa imechanua aliponigongea mlango nyumbani, amevaa kofia yake ya kanisani. Hakusema habari za asubuhi.

"Onyo limefutwa," alisema. "Buffalo wamekubali. Haya, iko wapi ile sombe?"

Nilimkumbatia pale mlangoni mpaka kofia ikaanguka. Kwa bahati ilikuwepo ya jana, na ya jana ndiyo tamu. Alikula kwa ugali, kwa mkono, akaongeza bila kukaribishwa mara ya pili. Nikamuuliza kwa nini alinidhalilisha siku ile. Akashangaa, hakujua kama ni udhalilishaji. Akaniambia kwamba kesi ikiwa haijaisha, hali chakula cha mtu yeyote. Akila changu leo, kesho mwenye mkate mkavu atasema amepoteza kesi kwa sababu hakuleta samaki.

"Na ile kahawa ya msimamizi?" nilimuuliza.

"Kahawa natoka nayo nyumbani kwenye chupa yangu. Ila goti langu linataka kiti, na viti vyenye mito viko ofisini kwake." Akalamba vidole. "Na mtu akicheka, beibi, anasema mengi ambayo hakukusudia."

Siku ya kuondoka nilimfungia chombo kizima. Nilipita Columbus bila kushuka, nikafika Buffalo kungali na mabaki ya theluji kando ya barabara. Mama alinigeuza tena kuelekea dirishani. Alitazama, akatazama, akasema, "Niko naona kama moshi. Lakini njo wewe." Alinitambua, nikamshukuru Mungu kwa moshi huo.

Tuliishi pamoja. Mchana alipika, na hakutaka kusaidiwa. Sombe yake aliipika kwa pua. Tangu nikiwa mtoto alikuwa anaiacha ishike chini kidogo makusudi, baba akimtania kwamba ameoa mwanamke wa kuunguza, na sasa harufu hiyo ya kushika ndiyo ilikuwa saa yake, ikimjia alijua imeiva. Nilikuwa nikirudi kazini naipata kutoka kwenye ngazi, na ngazi nilizipanda mbio. Nilimpata kwa muda huo, na haukutosha. Tulimzika ardhi ikiwa imeganda. Tangu hapo nimejaribu kuunguza sombe yangu mara nyingi. Inaungua tu.

Huku Buffalo wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao, nadhani kwa sababu ya mdomo wangu. Yule mama wa Louisville alinicheka sana kwenye simu, akaniuliza kama goti langu bado zima. Alikuwa amestaafu. Namkumbuka kila ninapoingia kwenye ofisi ya msimamizi na chupa yangu ya chai.

Si muda mrefu baada ya msiba, dada mmoja mgeni kutoka Fizi, jirani na kwetu Uvira, aliandikiwa onyo, nami nikaanza kupeleka malalamiko yake ngazi kwa ngazi. Wakati wa chakula alinifuata na chombo, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akafungua kifuniko.

Ilikuwa imeshika chini kidogo, makusudi. Harufu ilinipanda puani, nikazisikia ngazi za nyumbani chini ya miguu yangu.

Alisimama ananisubiri. "Kula, delegue," alisema. "Ni ya mama yangu, njo alinifundisha."

"Hapana, dada," nilimwambia. "Siwezi. Mpaka kesi iishe."

Nikauona uso wake ukibadilika, na nilijua neno kwa neno anachokiwaza. Chakula cha mama yangu kilikuwa kimekuja mpaka mezani pangu, na mimi ndiye niliyekirudishia kifuniko.