Mzee wa Joshoni na Dada Yangu

Nikipita karibu na josho la ng'ombe, harufu kali ya dawa hunirudisha kwenye shamba la mzungu kule Molo, kwa dada yangu mdogo. Alikuwa anakaribia miaka minne na hajawahi kusema neno. Mama alikuwa amechoka kuulizwa. Mimi na mama tukichuma pareto, yeye alishinda joshoni na mchungaji mmoja mzee, Mturkana, ambaye pale kwenye kambi ya vibarua hakuna aliyejua lugha yake. Tulidhani wanakaa tu.

Siku moja ng'ombe alimwangusha yule mzee, nasi tukakimbilia joshoni. Wanaume walimshika mikono wamwinue, naye akalia maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Dada yangu akapenya katikati ya miguu ya watu, akamwinamia, akamuuliza kitu kwa Kiturkana, polepole, kama mtu mzima. Mzee akamjibu.

Ndipo akatugeukia. "Mama, anasema msimvute. Mguu imevunjika."

Wanaume wakamwachilia, wakakimbia kutafuta mlango wa kumbebea. Mama alikuwa ameketi kwenye matope, amemshika dada yangu mabegani.

"Sema tena," alimwambia. "Sema chochote."