Meno Yaliyoachwa Yaote

Upande wa kushoto wa mdomo wangu, chini, kuna nafasi ambapo hapakuwahi kuota jino la chonge. Ulimi wangu huenda pale wenyewe nikiwa na mawazo, hasa asubuhi za Mbeya ukungu unaposhuka kutoka mlima Loleza na nyumba za mtaani zinakuwa kama zimeota tu, hazijajengwa.

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu Iringa, nilidhani kila mtu ana nafasi kama hiyo. Mama alinifundisha kupiga mswaki nyuma ya jiko letu. Alikata kijiti cha mti, akakitafuna ncha mpaka ikalainika, ndipo akanipa. Baridi ilikuwa inatutoa moshi mdomoni, tukawa tunasugua polepole bila kusema, kama watu ambao hawajaamka sawasawa. Meno yangu ya utoto yalipoanza kung'oka tuliyatupa juu ya bati, moja moja, na mengine yakaja. Lakini pale kushoto hapakung'oka kitu, wala hapakuja kitu.

Nilipomuuliza, mama alisema nilikuwa na meno ya plastiki, ndiyo yaliyoniletea homa, yakatolewa nikiwa mchanga, nikapona. Alisema hivyo huku anachambua mboga. Mimi nikabaki na picha yangu kichwani: meno ya rangi kama za vikombe vya dukani, ya bluu na ya njano, yakichipua kwenye ufizi wa mtoto. Kwa miaka mingi niliyaota. Ndotoni yalikuwa mepesi, nikicheka yanaelea.

Nikakua, nikajifunza kucheka na kiganja mdomoni. Nikahamia Mbeya, nikawa fundi cherehani, nikaolewa na dereva wa lori. Mimba yangu ya kwanza ilipofika katikati, ufizi ukaanza kutoka damu kila nikipiga mswaki. Niliogopa, nikaacha kupiga kabisa. Kliniki ya wajawazito wakanielekeza kwa daktari wa meno, dada mmoja mwenye sauti ya chini. Alinieleza kwamba mimba huufanya ufizi uvimbe upesi, na kuacha kupiga mswaki ndiko kunakozidisha. Nitumie mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, nisitishwe na damu kidogo.

Halafu akaliona lile pengo. Nilipomwambia habari ya meno ya plastiki, aliweka kioo chake kidogo mezani.

"Hakuna meno ya plastiki, dada yangu," alisema. "Yale yalikuwa meno yako ya utoto, bado machanga, ndiyo maana yalionekana meupe na laini. Walipoyachimbua wakaharibu na lile la ukubwani lililokuwa chini yake."

Akasema mtoto akipata homa au akiharisha ana ugonjwa wake, atafutiwe dawa yake. Jino halijamkosea mtu. Nilitoka pale manyunyu yanaanguka. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Sikuwa na hasira. Nilikuwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto, hajui bado aliko. Mama sikumwambia. Nilipiga simu mara nyingi baada ya siku ile, tukaongea habari za mvua na mahindi tu.

Nikajifungua mtoto wa kike. Alikuwa bado hajaanza kutambaa vizuri alipopata homa na kikohozi, akakataa kunyonya. Baba yake alikuwa safarini, yuko huko Zambia na lori. Asubuhi nilimpigia mama, naye bila kuuliza sana akapanda basi la kutoka Iringa.

Kabla hajafika, jirani yangu alikuja kunijulia hali. Alikuwa mama mzuri, aliyenipikia uji wiki zote za uzazi. Alimfungua mtoto mdomo, akaona ufizi umevimba, una weupe pale chonge zinapokaa. Akatikisa kichwa. Akasema hayo ni plastiki, na mtaa wa pili kuna mzee anayatoa vizuri, tumpeleke sasa hivi kabla mtoto hajazidiwa. Nilimweleza maneno ya daktari, lakini yalitoka dhaifu. Mtoto alikuwa wa moto mikononi mwangu, na mtu mwenye hofu husikiliza kila mlango.

Ndipo mama akabisha hodi, kikapu mkononi, vumbi la safari miguuni. Nilijua ni yeye aliyenipeleka mimi kutolewa yale meno, na sasa watakuwa wawili dhidi yangu.

Mama alisalimia, akanawa mikono kwa sabuni, akampokea mtoto. Alipitisha kidole kwenye ule ufizi, taratibu, akarudia tena.

"Haya ni meno," akasema. "Tumpeleke hospitali."

Jirani akasema kwa upole kwamba wazazi wa siku hizi huchelewa, watoto wakafa. Mama akaninyooshea kidevu.

"Huyu mimi nilimpeleka. Alilia mpaka sauti ikaisha, na homa ikabaki vilevile. Aliponea zahanati, kwa sindano."

Jirani alichukua kanga yake, akatusindikiza hadi barabarani, akatusimamishia bajaji.

Hospitali walisema ni nimonia. Tulilazwa. Homa iliposhuka na mtoto akanyonya tena, mama na mimi tulikaa kwenye benchi la nje, jua la Mbeya linawaka bila joto. Hapo ndipo nilipompa yale maneno ya daktari, yote. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Kwa hiyo yalikuwa meno tu?"

"Meno tu, mama."

"Mimi ndiye niliyekushika kichwa," alisema.

Nilimwegemea begani, kama nilivyokuwa nikifanya kanisani nikiwa mdogo, nikisikia usingizi, na tukakaa hivyo mpaka nesi akatuita.

Mama alibaki kwangu mpaka chonge za mjukuu zilipotokeza. Kila asubuhi alimfuta ufizi kwa kitambaa safi chenye maji, na jino la kwanza lilipochomoza tukanunua mswaki mdogo, dawa ya meno tukaweka kiasi cha punje ya mchele. Baada ya kurudi Iringa alinipigia simu asubuhi asubuhi, na kabla ya salamu aliuliza kama mtoto amepiga mswaki.

Miaka ikapita na meno ya mama mwenyewe yakaanza kulegea. Aling'olewa huko Iringa, moja, tena moja, mpaka akawa anajifunika mdomo kwa kanga kila akiongea. Nyama akaiacha. Na kwaya ya kanisa, ambamo aliimba tangu usichana wake, akaiacha pia. Alisema kifua kimechoka. Nilijua si kifua.

Nikamleta Mbeya, kwa daktari yule yule wa sauti ya chini, akampima akamtengenezea meno ya bandia. Siku za kwanza yalimchubua, akarekebishiwa. Binti yangu, ambaye sasa yuko shule ya msingi, ndiye aliyemwonyesha bibi yake namna ya kuyasugua pale bombani, na kuyaweka kwenye maji kabla ya kulala. Mama alipotamka "Asante sana" mluzi ukamponyoka, mtoto akaanguka kwa kicheko, na mama naye akacheka, mdomo wazi. Ni uso ambao nilikuwa nimeusahau.

Jumapili moja baada ya kurudi kwao alinipigia mchana. Aliniambia ameimba. Wenzake waligeuka kumtazama, alisema, maana herufi nyingine bado zinapiga mluzi, lakini aliimba mpaka mwisho. Kisha akasema jua la Iringa ni zuri leo, anatandika mkeka nje, alale kidogo.