Mlima Unaotembea

Harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa hunirudisha Burungu, kwenye masika fulani ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa kubeba mdogo wangu mgongoni lakini sijapewa jembe langu. Mhandisi mmoja Mzungu alikuwa amekuja kuchunguza kwa nini milima yetu ya Masisi, mashariki mwa Kongo, huporomoka. Alipigilia vigingi vya chuma juu ya shamba letu, akawa anarudi kupima vimesogea kiasi gani. Kisha vibarua wake wakachimba mtaro wa kuondoa maji mlimani, ukakatiza maharage yetu yakiwa kwenye maua. Mama aling’oa yaliyofukiwa.

Siku moja mhandisi alimfuata nyanya yangu, tuliyemwita Koko, akamkuta mlangoni anamenya viazi. “Mama, hii mulima iko natembea,” alimwambia. “Mutaro peke yake haitatosha. Muhame mbele ya mvua kubwa.”

Koko hakuacha kumenya. “Ajali haina kinga,” alijibu, akielekeza kisu kwenye kaburi la babu. “Bwana yangu analala pale mu migomba. Nitamuachia nani?”

Papa, baba yangu, aliamini vipimo. Alitujengea nyumba kwenye shamba lake la pili, ng’ambo ya kijito. Koko akabaki. Kila asubuhi Papa alikwenda kumbembeleza, na kila mchana mimi nilimpelekea chakula.

Mchana mmoja wa mvua nilikuwa nakaribia kijito niliposikia mvumo kama wa maharage yanayomiminwa kutoka kwenye gunia. Mlima ukashuka mbele yangu, ukafunika migomba, ukafunika nyumba, ukatulia. Sikupiga kelele. Papa alinikuta nimekaa kwenye majani yaliyolowa, nakula chakula cha Koko.

Mhandisi aliporudi, aliomba ruhusa ya kupima poromoko. Papa ndiye aliyemshikia ncha ya kamba.

“Pima muzuri,” alimwambia.

Hata msibani sikutoa chozi. Watu walisema mtoto hajaelewa. Nilielewa.

Leo wataalamu huja na vyombo vidogo vya kiganjani, na watu huwasikiliza kuliko Koko alivyosikiliza. Huwauliza jambo moja tu: tuhamie wapi? Vilima vimejaa, hata juu ya Koko pamejengwa nyumba, na watoto wanacheza uani. Mvua ikianza, mimi huwatazama kutoka ng’ambo. Papa alikuwa na shamba la pili. Wao hawana.