Alasiri Chui Alipoingia Mtoni

Juzi sokoni Nkubu nilimwona mama mmoja akimtembeza mbwa dhaifu, amemwinua nyuma kwa leso iliyopita chini ya tumbo. Nilisimama nikakumbuka. Alasiri moja nyanya yangu alimpeleka mbwa wetu Chui mtoni vivyo hivyo. Chui alikuwa amefukuza tumbili shambani miaka mingi, hadi miguu ya nyuma ikalegea. Mto ulinukia matope na majani ya migomba. Nyanya alipomwingiza majini, nilidhani anambatiza kabla hajafa, nikaanza kulia.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Maji yatamsaidia kubeba uzito wake."

Sasa najua viungo vilikuwa vinamuuma. Siku ile niliona tu miguu niliyodhani imekufa ikipiga maji, polepole, kisha kwa nguvu, nyanya akilegeza leso mpaka Chui akaogelea peke yake.