Matokeo Niliyobandika Mlangoni

Niliondoka Mapera Jumatano kwa sababu darasa langu linakufa. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi nafundisha watoto Kimatengo kwenye chumba tulichoazimwa na parokia, maana wengi ukiwatuma kwa Kimatengo wanajibu kwa Kiswahili, au wanacheka tu. Mwanzo walijaa mpaka dirishani. Mwezi huu nikawapa mtihani. Jumamosi iliyofuata wakaja watano, na iliyopita wawili. Bibi Kapinga, ambaye hadithi zake ndizo zilikuwa zinawavuta, hakuja kabisa. Nikawalaumu wazazi. Nikasikia Mbamba Bay, kule ziwani, kuna mama mmoja, Mama Tumaini, anayewafundisha watoto Kinyasa na hawapungui. Nikasema nimfuate, nichukue mbinu yake, nirudi kabla ya Jumamosi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya bodaboda kwenda Mbinga mjini, baridi ya Juni inakata masikio. Stendi, gari lilisubiri lijae. Nilimuuliza kondakta mara tatu tunaondoka saa ngapi. Mara ya tatu akaniuliza kama ninakwenda kujifungua.

Baada ya Mbinga barabara inaanza kushuka. Kahawa ikabaki nyuma, masikio yakaziba, nikavua sweta. Ziwa lilipotokea kule chini, abiria wa pembeni aliniambia niangalie. Niliangalia kidogo, nikarudi kwenye daftari langu lenye maswali kumi na moja.

Saa tano nilimkuta Mama Tumaini ufukweni, kwenye vichanja vya usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaangalia sweta begani na viatu vyangu vilivyojaa mchanga.

"Mmatengo ukimwekea ziwa mbele, anatafuta pa kuchimba ngolo," aliwaambia wenzake. Wakacheka. Ngolo ni yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko, na huku chini hawachoki kututania nayo.

Nikamuuliza darasa linaanza saa ngapi. Akasema hana darasa. Shule zimefungwa, watoto wanakuja kugeuza usipa na bibi zao, jioni wanajifunza kioda, ngoma ya akina mama wa huku, na hapo katikati watu wanaongea Kinyasa, basi. Mimi nilitaka ratiba. Nikaona hanielewi, nikamtolea nakala ya matokeo ya mtihani, nikamwambia ndiyo yaleyale niliyobandika mlangoni, ili ajue kazi yangu si ya mchezo.

Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma taratibu mpaka chini.

"Huyu wa mwisho, Sesilia. Hajui Kimatengo?"

"Anajua, mama. Anawashinda wote. Kwao hawasemi kingine. Ila yuko darasa la pili, kuandika bado."

"Anaishi na nani?"

"Na bibi yake. Bibi Kapinga."

Nilipolitaja hilo jina nikaichungulia tena karatasi mikononi mwake. Mama Tumaini akanirudishia karatasi.

"Umempima kalamu, mwanangu. Halafu ukawaita majirani waje kusoma."

Alinipa ugali wa muhogo na usipa. Maswali yangu kumi na moja sikuuliza hata moja.

Saa nane gari lilianza kupanda. Njia nzima nilikuwa nahesabu: chumba kile kiko jirani na kanisa, karatasi imekaa pale Jumapili mbili, watu wametoka misa wamesimama, wamesoma. Jina la Sesilia nililiandika kwa wino mwekundu.

Alhamisi asubuhi nilienda kuibandua, kisha nikaenda shambani kwa Bibi Kapinga. Bibi na wenzake walikuwa wanachuma kahawa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu."

Siku zote ananiita mume wangu, kama bibi wote wanavyotania wajukuu. Nikaanza kuomba samahani kwa Kiswahili. Akaendelea kuchuma.

"Mimi sikufanya mtihani," alisema. "Aliyefanya yuko kwenye mbuni ule. Na mwambie kwa lugha uliyomfelishia."

Nikaenda, nikachuchumaa mbele ya mtoto wa miaka minane, nikamwomba radhi kwa Kimatengo. Wachumaji wote wakageuka. Katikati nilikwama, na Bibi hakunisaidia. Nilipomaliza, Sesilia akanijibu kirefu na haraka, shamba zima likacheka. Nilipata nusu tu. Nikamwomba arudie polepole. Akaweka ndoo chini, akarudia neno moja moja, kama mtu anayemsemesha mtoto mdogo.

Nilikwenda ziwani kutafuta mbinu, nikarudi na aibu. Nilikuwa naogopa Kimatengo kisije kikapotea, huku nawafukuza wanaokisema.

Keshokutwa ni Jumamosi. Bibi hajasema kama atakuja. Amesema tu kahawa imeiva nyingi na mikono haitoshi. Chumba nitakiacha kimefungwa. Wale watoto wawili waliobaki nimewaambia tukutane shambani kwa Bibi, na kila mtu aje na ndoo yake.