Tarumbeta Moja, Midomo Miwili

Katika bendi ya kanisa letu wapulizaji tulikuwa wengi kuliko matarumbeta. Mimi na mzee mmoja, mstaafu wa reli, tulipuliza moja kwa zamu, lile la sauti ya chini: yeye beti mbili, mimi mbili. Ndiye aliyenifundisha. Nilipomwendea nilikuwa fundi baiskeli pale Kanyenye, sijui hata chombo kinashikwaje. Akaniambia nibane midomo kama mtu anayetema chembe ya tumbaku iliyomnata ulimini. Nikatema kwa wiki mbili ndipo sauti ikatoka.

Asiyepuliza hudhani ndani ya tarumbeta mna upepo mtupu. Mna mate. Kila wimbo ukiisha unafungua kitundu cha chini na kuyamwaga, kisha unafuta pa kuwekea mdomo na kumpa mwenzako. Korona ilipoingia tuliagizwa tufute kwa spiriti. Tulifuta mpaka chupa ikaisha. Hakuna aliyenunua nyingine, nami sikununua.

Yaliyonipata yalianza siku ya Jumanne. Niliamka kinywa kimekauka kama nimelamba majivu, na chai ya mke wangu ilikuwa maji ya moto tu. Kufika Alhamisi nilikuwa nimevimba chini ya masikio pande zote mbili, na kila nikitafuna, maumivu yananipanda hadi kichwani. Sikukohoa. Sikuwa na homa. Nikasema ni matubwitubwi, ingawa nilikwisha kuyaugua utotoni.

Mdogo wake mke wangu ni muuguzi. Alipita jioni ile, akanitazama akiwa mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, kaa ndani," akasema. "Usile sahani moja na mtu mpaka upimwe."

Nilimjibu kwamba korona ni ya kukohoa. Akasema si lazima, amewaona waliopotewa na ladha tu, na kirusi kile huweza kuingia hata kwenye tezi zinazotengeneza mate. Kama nimekipata, basi kimo mdomoni mwangu hata nisipokohoa. Nikamwahidi kwamba Jumatatu nitakwenda kupima.

Jumamosi kulikuwa na msiba Igalula. Mmoja wa wapulizaji wetu alifiwa na mama yake, na kiongozi wa bendi akapiga simu kuuliza kama nipo. Nikasema nipo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Wakati ule nilijiambia kwamba mwenzetu amefiwa, na kwamba mzee peke yake hataweza kumaliza mazishi. Hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilipenda kupuliza mbele ya watu, na sikutaka kukosa.

Nilijifunga mtandio wa mke wangu kuzunguka taya. Waliponiuliza nikasema ni jino.

Makaburini nilianza mimi. Kinywa kilikuwa kikavu, nikawa nalamba midomo kila baada ya mstari. Beti mbili zilipokwisha mzee akanyoosha mkono. Nilikumbuka maneno ya shemeji yangu, neno kwa neno. Nikafuta kwa pindo la shati, nikampa. Alifungua kitundu akamwaga mate yangu, mengine yakamrukia vidoleni, akayapangusa kwenye suruali na kupeleka chombo mdomoni. Tulibadilishana hivyo mpaka kaburi likafukiwa.

Jumatatu nilipima. Nilikuwa na korona.

Hapo ndipo penye kosa ambalo siwezi kulitafutia sababu. Nilikuwa na simu, na namba ya mzee naijua kwa kichwa. Ningempigia siku ileile, angejitenga na mkewe, angekwenda hospitali mapema. Sikupiga. Jumanne sikupiga. Alhamisi mkewe ndiye aliyenipigia, akaniomba nimwombee mwenzangu, maana ana homa na hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Nikamwambia nitaomba. Sikumwambia lingine.

Alilazwa akawekewa oksijeni. Mkewe naye aliugua, ila kidogo. Nilimuuliza shemeji yangu kama ni mimi. Alisema hakuna awezaye kujua, pale msibani watu walikuwa wengi na walishikana mikono. Nilijaribu kujificha ndani ya jibu hilo. Halikunitosha.

Mzee alirudi nyumbani amekonda. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa barazani, akaitikia shikamoo yangu kwa sauti ndogo. Tulizungumza habari za mvua. Kisha akauliza, "Ile siku ya Igalula, lilikuwa jino kweli?"

"Lilikuwa jino," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye habari za mvua.

Pumzi yake haikurudi kama zamani. Alijaribu tarumbeta mara moja, ubeti wa kwanza haukufika mwisho, akaliweka chini taratibu na kusema sasa ni langu. Wenzangu walinipongeza. Nililipuliza karibu mwaka mzima, na kila nilipofungua kile kitundu mkono ulikuwa mzito.

Siku moja baada ya ibada nilimsindikiza hadi kwake na kumweleza yote: uvimbe, onyo la shemeji, kipimo cha Jumatatu, zile siku nilizonyamaza. Alisikiliza akitazama chini. Mkewe alikuwa karibu, anachambua mchele, na mikono yake ilisimama.

"Kuumwa si kosa," mzee akasema mwishowe. "Lakini nilikuuliza, ukanidanganya nikiwa nimetoka kitandani. Ungesema siku ile ningekusamehe palepale. Sasa niache kwanza."

Mkewe alibeba ungo wake akaingia ndani.

Nimemwacha. Tukikutana nampa shikamoo, naye huitikia marahaba, hajawahi kuninyima. Mazoezini hukaa benchi la nyuma, na nikikosea hunyanyua kidole, nami narudia mstari. Bendi imepata matarumbeta mengine, kila mtu ana lake. Kama amekwisha kunisamehe hajasema, nami sioni kama nina haki ya kumuuliza.